Mimea ya Ndelilio

Mzee Ndelilio alishuka kutoka Marangu na mimea yake ya mwisho, ameibana ndani ya magazeti katikati ya mbao mbili na kuifunga kwa mkanda. Aliyempokea ni binti yake Ruth, msimamizi wa chumba cha mimea mikavu katika chuo kimoja mjini Moshi.

“Shikamoo baba,” alisema bila kuinuka.

“Marahaba. Huu uanze.” Mzee alimwonyesha mmea wenye maua meupe. “Moto ulipita kule bondeni. Nimerudi mara mbili, hauoti tena. Ubebe ukiwa umelala, usiugeuze kama ukurasa wa kitabu.”

Ruth alimwacha amalize. Hayo alifundishwa naye utotoni, siku chache alizokuwa akionekana nyumbani. Mama alipokufa, baba alikuwa mlimani akichuma maua. Alifika watu wamekwisha kuzika.

Mimea yote iliyoingia chuoni ilikaa kwanza kwenye friza ili wadudu wafe. Nafasi humo ilikuwepo, lakini hakuitumia. Ruth akaupeleka mzigo stoo ya nyuma, akauweka sakafuni penye unyevu.

Kila mzee alipokuja kuuliza, alijibiwa, “Inashughulikiwa.” Alishukuru, akaacha ndizi mlangoni, akarudi kupanda gari la Himo, njia ya kwao Marangu.

“Dada, ule mzigo umeingia wadudu,” alisema Kornelia, msaidizi wake.

“Najua.”

Masika yalipokwisha, Ruth alimwita baba yake, akafungua zile mbao mbele yake. Ndani mlikuwa na ukungu, vijiti na vumbi la kahawia. Alishika gazeti lenye maua meupe kwa pembe moja, akalipindua. Vipande vikamwagika miguuni pa mzee.

“Friza iliharibika?”

“Haikuharibika.”

Mzee alichelewa kuelewa. Kisha akapiga magoti kwa shida, akaanza kuokota vipande na kuvitia kwenye kofia.

“Ni kwa sababu ya mama yako,” alisema.

“Mama alikuwa anakuita, mimi ndiye niliyeitika. Maziko ya mimea hii angalau umeyaona mwenyewe.”

Ruth alitegemea kusikia raha. Alisikia njaa. Akamwagiza Kornelia ufagio, akaenda kula.

Mzee hakuja tena chuoni. Krismasi, Ruth alipopanda Marangu, alikuta geti limefungwa kwa ndani. Alibisha, akaita. Baba yake alikuwa akikohoa uani, karibu kabisa na geti, wala hakuitika.