Jina la Kuandika Chini ya Picha

Mtoto mchanga hapigwi picha, anangojewa. Hilo Matiko alilijua vizuri. Alikuwa amezunguka na kamera shingoni tangu kwao Kegonga kwa Wakuria hadi Muhuru Bay, akipiga picha watu wa harusi, wa matanga na wa soko, na wote hao ukiwaambia simama, wanasimama. Mtoto wa wiki mbili utamwambia nini? Unamvua nguo, unamfunga kitambaa chepesi, unamlaza kwenye kikapu kilichotandikwa ngozi ya kondoo, kisha unanyamaza. Akitaka atalala. Ndiyo maana siku alipochoka na barabara akafungua studio hapa Mbita, alinunua hita ya feni kabla hajanunua hata taa.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha na upepo wa ziwani ulikuwa unapita chini ya mlango. Waliingia wanawake wawili na mtoto mmoja. Kabla hawajaketi, Matiko alishajua kwamba njia nzima tangu Rusinga hawakuwa wamesemezana.

"Fundi, unaandikanga jina chini ya picha, sivyo?" aliuliza yule mdogo, mama wa mtoto. Aliitwa Caren.

"Naandika. Anaitwa nani?"

"Ogweno," alisema Caren.

"Ondiegi," alisema yule mzee, Phelesia, mama mkwe wake, wakati huohuo.

Matiko akarudisha kalamu mfukoni.

Ikabidi aelezwe. Javan Ogweno alikuwa mume wa Caren na mtoto wa Phelesia. Alitoka kuvua Caren akiwa na mimba changa, boti ikapinduka, na mwili ukapatikana siku ya nne. Caren alitaka mtoto abebe jina la baba yake. Picha yenyewe ingetundikwa ukutani karibu na ile ya Javan iliyotumika mazishini, watazamane. Phelesia hakutaka kusikia.

"Ondiegi alikuwa babu ya mume wangu. Alikufa kitandani, ameshiba, amezeeka. Hilo ndilo jina la kupea mtoto," alisema. "Hili lingine ziwa linalijua. Mnataka liite mara ya pili?"

"Mama, ziwa haliiti mtu."

"Nyar Muhuru, binti wa Muhuru wewe, umezaliwa kwa maji kama mimi. Usinidanganye mbele ya mgeni."

Matiko alimfunga mtoto kitambaa, akamlaza kikapuni. Mtoto akafungua mdomo, akalia. Alilia akakunja ngumi, akawa mwekundu kama nyanya. Caren akamnyonyesha, mtoto akatema titi. Matiko akafungua redio katikati ya stesheni, ile sauti ya mvua ambayo huwalaza wengi. Wapi!

"Zima hiyo takataka," alisema Phelesia. "Huyu analilia jina."

Kwa Waluo ni hivyo. Mtoto akilia bila sababu hutajiwa waliotangulia, mmoja mmoja, na akinyamaza penye jina, basi aliyerudi ndiye huyo. Phelesia akajifunga leso kiunoni, akainamia kikapu.

"Ondiegi! Baba, kama ni wewe, nyamaza tukupige picha."

Mtoto akazidisha.

"Opere? Opere wa ng'ombe nyingi? Haya, si Opere. Nyamita? Wewe hata ulipokuwa hai ulikuwa na kelele, pengine ni wewe. Si wewe? Basi kaa huko."

Caren alicheka bila kutaka, akafunika mdomo. Phelesia aliita watu wa boma lote, hata shemeji aliyekuwa mlevi, hata shangazi mmoja ingawa mtoto ni wa kiume. Majina yakaisha. Akabaki ameshika ukingo wa kikapu, anahema, na kila mtu mle ndani alijua ni jina gani ambalo hakuwa ametaja.

Ndipo macho ya Matiko yakaanguka chini, akaona waya wa hita umelala sakafuni. Alikuwa ameuchomoa alfajiri ili achaji betri ya kamera. Mtoto alikuwa na kitambaa tu, kwenye baridi, muda wote huo! Akachutama nyuma ya pazia penye soketi, akachomeka.

Hakumwona Caren akiinama. Alimsikia tu.

"Ogweno," alisema Caren, polepole. "Baba yake. Kama ni wewe, nyamaza."

Feni ikavuma, hewa ya moto ikafika kikapuni. Mtoto akashusha pumzi mbili tatu zenye kwikwi, akanyamaza.

Phelesia akaketi sakafuni. Tangu mazishi, jina hilo lilikuwa halijaitwa kwa kumwita mtu. Halafu akamwona Matiko akitokea nyuma ya pazia.

"Wewe Mkuria. Ulikuwa unafanya nini huko?"

Caren alimtazama Matiko. Macho yake yalikuwa yanamwomba. Matiko alijua neno moja lingetosha: alikuwa anaokota kifuniko cha lenzi, basi. Lakini mtoto angebeba jina hilo maisha yake yote, na yeye angekuwa amelipachika kwa swichi.

"Nimewasha hita, mama. Mtoto alikuwa anasikia baridi. Kosa ni langu, nilisahau."

Caren akafumba macho. Feni ikaendelea kuvuma. Phelesia aliangalia hita, akaangalia mtoto, akaangalia hita tena.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo, mama. Baridi tu."

"Tangu siku ile silali," alisema Phelesia, na hakuwa anaongea na Matiko. "Si kwa sababu amekufa. Watu hufa. Nawaza yale maji. Siku nne. Alikuwa mtoto wa kuogopa baridi, huyo. Hata mkubwa, sweta haitoki." Akajipangusa uso kwa leso. "Sasa wewe unaniambia baridi tu. Mtu aliyetoka ziwani atalilia nini kingine?"



Akavua sweta yake ya kijivu, iliyotoboka kiwiko, akamfunika nayo mtoto hadi kidevuni. Iliharibu kila kitu, ngozi ya kondoo na kitambaa na mpango wote wa Matiko. Matiko akanyoosha mkono kuiondoa, halafu akaurudisha.

"Piga hivyohivyo," alisema Phelesia. "Na usizime hicho kitu."

Matiko akapiga. Kisha akatoa kalamu, akamtazama yeye, si Caren.

"Ogweno," alisema Phelesia. "Hilo la ubatizo, la Javan, acha. Kanisa litampa lake."