Mvushaji wa Mto wa Kaskazini

Mimi ni mtoto wa mwashi, mjukuu wa mwashi na kitukuu wa mwashi. Babu yangu mzaa baba watu walimwita Timazi, yaani kipimo cha unyoofu wa ukuta, kwa sababu ukuta aliousimamisha yeye haukuhitaji kupimwa na mtu wa pili. Baba yangu alirithi mwiko wake pamoja na heshima yake. Aliwahi kubomoa chumba cha tajiri mmoja, chumba kilichokwisha kupakwa rangi, kwa kuwa kona moja ilimkera, akakijenga upya bila kudai chochote. Mimi nilipelekwa shule, nikachapwa viboko nilivyostahili, nikawa mkaguzi wa majengo. Na katika utumishi wangu wote, hakuna dari niliyoipitisha ikamwangukia mtu. Nayasema haya ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa ukoo gani.

Mwanangu wa pekee hakushika mwiko. Alikuwa mtangazaji wa redio, na sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, sauti ya kumfanya mgonjwa alale. Nilichukua muda kumsamehe. Binti yake, yaani mjukuu wangu, naye alijenga, lakini alijenga kwa kompyuta. Siku nilipomwuliza anajenga nini, alinijibu, "Nchi, Babu."

"Nchi gani?"

"Ambayo haipo bado."

Ulikuwa mchezo, nao waliuita Nchi Pana. Katika michezo mingi ya namna hiyo, alivyonieleza, mchezaji hupelekwa kama mbuzi wa kamba: ingia hapa, tokea pale. Katika huu, mchezaji aliachiwa nchi nzima, mabonde na miji na misitu, aende apendako, na kila alikokwenda akute watu wanaoishi maisha yao. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa msanifu mkuu wa ardhi yote ile.

Baba yake alipougua mapafu, na madaktari wakawa wanazungumza nasi kwa sauti ya chini, mjukuu wangu alimwomba awe sauti ya mvushaji katika mchezo wake. Mbali kaskazini mwa nchi hiyo palikuwa na mto mkubwa, na mtu mwenye mashua ya kuwavusha wasafiri. Mwanangu aliingizwa katika kijichumba kilichofunikwa magodoro ukutani ili mwangwi usiingie, akasema maneno ya mvushaji, akikohoa katikati na kuanza upya. Alitoka ametota jasho, anatabasamu. "Wakinisikia watu nisiowajua," alimwambia bintiye mbele yangu, "basi sijanyamaza. Usiwaache wanizime." Binti akaahidi. Muda si mrefu tukamzika.

Msiba ulipopoa kidogo, mjukuu wangu aliniita kazini kwake. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nami. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Nyaya zilitambaa sakafuni, vikombe vya kahawa vilikuwa vimeota ukungu, na vijana walikuwa wameinamia skrini kama waliofiwa.

"Karibu, mume wangu," alisema mjukuu wangu, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni. "Leo nakupa kazi."

"Nimestaafu, mke wangu. Na ofisi yako ni chafu."

"Hawa vijana wanaonijaribia mchezo wanakimbia tu, wanapita vitu mbio. Wewe hujui kukimbia. Nataka mtu atakayeikagua nchi yangu kwa miguu."

Aliniwekea kishikio mkononi, akanifundisha vitufe vya kutembea na kutazama. Nikatembea.

Haki iwe haki: sikuwahi kuona kazi kubwa kama ile. Nilipita mashamba ambayo upepo uliyalaza upande mmoja na kuyainua. Nilipanda mlima kwa mwendo wa mzee, na nilipofika kileleni niliona mji niliotoka, mdogo, moshi ukipanda, na ng'ambo yake mji mwingine ambao ningeweza kuufikia kama ningetaka. Nilikaa pale juu nikitazama. Nilijiambia kwamba Timazi mwenyewe angevua kofia.

Kisha nikaanza kukagua. Mlango wa kinu ulifunguka juu ya weupe mtupu usio na sakafu. Ngamia alikuwa amening'inia hewani, anatafuna. Mwanamke mmoja sokoni aliuza vikapu akiwa nusu ndani ya ukuta, na alinishukuru kwa adabu. Kila kasoro niliitaja kwa sauti, na kila nilipotaja mmoja wa vijana alisema, "Tunaijua hiyo, mzee," kama mtu aliyezoea jino bovu.

Kusini kasoro zilikuwa chache, zenye kurekebishika. Kadiri nilivyokwenda kaskazini ndivyo zilivyozidi. Hatimaye nikafika kwenye mto. Gati lilikuwapo, mashua ilikuwapo, na nyuma yake milima myeupe iliyonifanya nishike kifua. Mvushaji hakuwapo.

"Vuka nami, msafiri," alisema mwanangu. "Mto huu haumwulizi mtu jina lake."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nikasogea hatua moja, naye akaniambia tena, karibu zaidi, na hapo nikajua sauti inakotoka. Ilitoka chini ya miguu yangu, ndani ya udongo.

Niliweka kishikio mezani.

"Nieleze," nilimwambia mjukuu wangu.

Alisimama nyuma ya kiti changu. "Ukingo ulikuwa chini mno, Babu. Msafiri akifika alikuwa haioni milima. Nikauinua wote, tangu bondeni mpaka huku. Nikasahau kuwainua waliokuwa wamesimama juu yake."

"Umeinua ardhi ukawaacha watu chini?"

"Wako wengi. Baba ni mmojawapo."

Nimeona ngazi zisizofika popote na nguzo zilizojazwa magazeti badala ya zege. Sijawahi kuona fundi aliyeinua sakafu na kuwafukia wapangaji.

"Basi mpandishe."

"Nimejaribu. Nikimpandisha ananyamaza. Maneno yake yamefungwa pale pale aliposimama mwanzo, na fundi aliyeyafunga ameacha kazi, hapokei simu. Akiwa chini anazungumza na mashua inavuka. Akiwa juu ni bubu, na mashua haitoki, kwa sababu inasubiri aseme."

Wakati huo aliingia mwenye kampuni, kijana mnene mwenye bashasha ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Kiraka, kwa kuwa kila kasoro aliahidi kuitilia kiraka baadaye. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee wetu! Umeionaje nchi?"

"Ni pana, nayo ni mbovu. Fungeni kaskazini. Kusini kumesimama, wapeni watu kusini."

"Mzee, kwa heshima zote," alisema, "kusini peke yake ni mchezo kama michezo mingine. Watu wanataka upana. Mpe mtu nchi ambayo hakuna aliyewahi kumpa, atakusamehe mlango mmoja mbovu, ngamia mmoja, mvushaji mmoja. Tukishautoa tutatia viraka."

"Kiraka hutiwa nguo iliyochakaa. Nguo mpya yenye kiraka huitwaje?"

"Fasheni, mzee," alijibu, na vijana wote wakacheka. Hata mimi ingenichekesha, siku nyingine.

Alipotoka, mjukuu wangu alipiga magoti kando ya kiti changu. "Kaskazini ikifungwa leo haitafunguliwa tena, Babu. Namjua. Fedha zitakwenda kwenye mchezo mwingine. Nilimwahidi Baba. Unataka nimzike mara ya pili?"

"Ameshazikwa mara ya pili," nikamwambia, "na safari hii koleo unalo wewe."

Alilia. Sikumbembeleza, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli, na kweli haibembelezi. Niliteremka ngazi nikaenda nyumbani.

Mchezo ulitolewa wote, kaskazini na kusini. Mjukuu wangu hakuja kuniona, nami sikumwita. Nilisoma gazetini maneno ya mhakiki mmoja, mtu mwenye kalamu nzuri. Aliandika kwamba kasoro za Nchi Pana ni nyingi, lakini ni kasoro za jitu, na jitu hata likijikwaa huwa refu kuliko sisi tuliosimama wima. Nilirudia sentensi hiyo. Imejengwa vizuri. Hakusema, hata hivyo, jitu likianguka huwa linamwangukia nani.

Nilipata kujua kwa kinyozi. Nilikuwa kitini, povu upande mmoja wa uso, na vijana wawili walikuwa benchini wakisubiri zamu, vichwa vyao vimegongana juu ya simu moja.

"Tulia, tulia, anaanza!"

"Vuka nami, msafiri," ilisema simu.

Wakaangua kicheko. "Mzee Mizizi huyo! Ukitaka kuvuka sharti uwe fuko!"

"Nauli yake unachimba shimo, unadumbukiza!"

"Lakini acha utani, kaka, ule mchezo ni moto. Natembea tangu Jumatatu sijaona mwisho wake."

"Huuoni kwa sababu umenasa ukutani."

"Bora ninase kwenye kitu kikubwa kuliko kuzurura kwenye kijichumba. Kwani mtu mmoja kuzama ndiyo nini? Dunia nzima ile wamejenga watu, siyo malaika."

"Hilo nakupa. Mimi hata wangezama wote, ile milima ningeendelea kuitazama."

"Nyie," alisema kinyozi, "punguzeni kelele. Mzee ana wembe shingoni."

"Washa tena," nilisema.

Waligeuka. "Shikamoo, mzee. Kumbe na wewe unacheza?"

"Marahaba. Washa tena, nisikie mpaka mwisho."

Wakawasha. Nilimsikiliza mwanangu akisema yote aliyoyasema katika kile kijichumba cha magodoro: habari za mto, za wasafiri waliotangulia, za nyumba ng'ambo ambayo taa yake haizimwi. Mahali fulani palikuwa na pumzi fupi. Wao hawakuisikia. Mimi nilijua kwamba hapo ndipo alipozuia kikohozi.

"Huyo ni mwanangu," nikasema. "Amekufa."

Kinyozi alishusha wembe. Aliyekuwa ameshika simu aliizima, akaigeuza kifudifudi juu ya paja lake. Alikuwa kijana mwenye malezi.

"Tusamehe, mzee," alisema. "Hatukujua kwamba ni mtu."

Sikuwa na la kuwalaumu. Wangejuaje? Waliletewa sauti kutoka ardhini kama kichekesho, wakacheka. Nilifuta povu kwa taulo, nikatoka na ndevu za upande mmoja, nikaenda moja kwa moja kwa mjukuu wangu.

Alikuwa nyumbani, kanga mabegani, hajachana nywele. Kompyuta ilikuwa imewashwa, na juu ya skrini watu wasiojulikana walikuwa wanabishana. Je, kasoro zinazidi ukubwa, au ukubwa unazidi kasoro? Kila upande ulikuwa na ushahidi, picha na matusi.

"Wanamwita Mzee Mizizi," alisema bila salamu.

"Nimewasikia."

"Nilidhani watamsikiliza, Babu. Watu wengi kweli wamemsikia, kama alivyotaka. Nami sijui tena nani ana haki katika ubishi huu. Nchi ni nzuri. Si ni nzuri?"

"Ni nzuri," nikamjibu. "Nilikaa kileleni nikasahau miguu inauma. Lakini upana unamfaa anayepita. Kasoro inabaki na aliyeangukiwa nayo. Hao wanaopima wanapima yao. Hakuna aliyemwuliza yule wa chini."

Alivuta kiti, akafungua nchi yake upande wa ndani, ule wasiouona wachezaji, ambako udongo ni wavu wa mistari na mtu huonekana ndani yake. Na kweli nilimwona. Alikuwa amesimama wima gizani, kasia mkononi, uso umeelekea juu.

"Nikimpandisha hatasema tena," alisema. "Na ng'ambo yote inapotea, milima, ile nyumba yenye taa. Hakuna atakayefika. Bwana Kiraka ataniachisha kazi. Babu, sauti yake ninayo hapa nyumbani, lakini sauti ya kabatini nani atakayeisikia? Wewe ndiye baba yake. Sema."

Nilimtazama mwanangu. Nilitamani kusikia lile neno lake la kwanza mara moja zaidi, na nilijua nikimwomba binti yake aliwashe sitaweza kutoa neno langu mwenyewe.

"Mpandishe."

Alimshika kwa mshale mdogo wa kompyuta, taratibu, kama mtu anayembeba mgonjwa kumtoa kitandani. Akamweka juu ya ukingo. Akamnyoosha miguu ikakanyaga majani. Kisha tukaingia kama wasafiri, tukamwendea. Aligeuza kichwa akatutazama. Kinywa hakikufunguka. Mashua ilitikisika kwenye kamba yake na kubaki pale pale, na nyuma yake ile milima.

Mjukuu wangu aliipeleka kazi ile kwa wachezaji wote, akazima mashine, akalaza kichwa mezani. Kesho yake aliachishwa kazi. Wachezaji walighadhabika kwa kupoteza ng'ambo, wakaandika maneno ambayo sitayaandika mimi. Kiraka hakijatiwa mpaka leo. Mvushaji amesimama vizuri, wala hakuna anayemcheka, kwa kuwa hakuna anayekwenda huko tena.

Haya, vijana mnaonisoma, nisikilizeni, maana sina desturi ya kurudia. Siwakatazi kujenga vikubwa. Nimewaona mna nguvu, na nguvu zenu zinanitia fahari. Lakini mkija kwangu na ukubwa wa nchi zenu, nitawauliza kwanza mmemwacha nani chini, na msinijibu kwamba ni mmoja tu. Mnayo kazi mikononi hivi sasa, kila mtu na yake. Isitisheni kwanza. Teremkeni mkatazame chini yake, mmpandishe mtakayemkuta, hata kama itawagharimu milima. Fanyeni hivyo leo.