Maganda ya Bwana Nyama

Maganda yalifika asubuhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Elieza aliyamwaga kwenye beseni la maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu, akaliweka beseni barazani penye jua, akaketi kusubiri yalie.

Yalikuwa maganda marefu ya shaba, ya bunduki kubwa ya kuwindia iitwayo magnum, ambayo kila ganda lake lina pete nene karibu na kitako. Elieza aliiita mkanda. Mkanda ndio unaolishika ganda mahali pake ndani ya bunduki, na juu kidogo ya mkanda ndipo ganda huchoka na kupasuka likishajazwa mara nyingi. Kazi hiyo alijifunza kwa Mgiriki mmoja mwindaji, ambaye baada ya Uhuru alifungasha akaondoka, akamwachia mtambo wa kukandamizia, kalibu zake na mizani ndogo kama ya sonara. Risasi mpya zilikuwa adimu miaka hiyo. Kwa hiyo Pastory, Bwana Nyama, yaani askari wa wanyamapori wa upande wa mto Malagarasi, alimletea maganda matupu pamoja na baruti na fataki za kitako za kuiwashia, na Elieza, nyumbani kwake Bangwe, akayajaza upya.

Maganda yakishalowa hutoa sauti ya mnyama aliyeuawa nayo. Ilikuwa hivyo tangu enzi za Mgiriki. La kiboko hukoroma, la nyati hupumua kwa hasira, la tembo hunguruma chinichini mpaka maji yanatikisika. Ganda lisilolia ni lile lililokosa shabaha. Leonia, mkewe, huyasikiliza huku akichambua maharage, na siku za viboko hulalamika kwamba wanamtia kichwa kuuma.

Siku hiyo walinguruma tembo wawili. Kisha ganda moja likakohoa.

"Mwakeye," likasema, kama Waha wanavyoamkiana asubuhi.

"Mwakeye," Elieza akaitikia. "Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, shemeji. Selestini."

Leonia aliweka ungo chini. Selestini alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na tangu mvua za kwanza hakuonekana. Mwaka ule watu wa mwambao walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, nyumba zao za zamani zikabaki wazi. Selestini alikuwa akirudi kimyakimya kukata mikungu ya michikichi yake, kwa sababu huko kijiji kipya haukuwapo hata mchikichi mmoja. Safari ya mwisho hakurudi. Ikasemwa kwamba amevuka ziwa kwenda Kongo kwa mwanamke mwingine, na Rozalia, mkewe, akabaki na watoto na maneno hayo.

"Kumbe umekufa," Leonia akasema.

"Nimekufa, dada. Poleni."

Leonia alilitoa ganda majini, akalifuta kwa pindo la khanga, akaliuliza ilikuwaje. Selestini akaeleza bila haraka, kama alivyoeleza mambo yake yote alipokuwa hai. Alikuwa juu ya mchikichi, kamba kiunoni. Chini, kwenye uwanja wa nyumba yake ya zamani, Bwana Nyama na wenzake walikuwa wakipakia pembe za ndovu mtumbwini. Pastory akainua macho, akamwona.

"Ukafanyaje?" Elieza akauliza.

"Nilikaa. Mtu aliye juu ya mchikichi hana pa kwenda."

Leonia akataka kujua kama aliumia sana.

"Mkungu ulikuwa umeiva vizuri," ganda likasema. "Nilikuwa nautazama ule."

Kesho yake Elieza na Leonia walipanda lori la pamba moto, lile linalobeba watu na mizigo, wakashuka kijiji kipya. Rozalia alikuwa shamba la pamoja akipalilia mahindi. Leonia alimpa ganda mkononi.

"Habari za Kongo?" Rozalia akaliuliza, mara tu aliposikia sauti ya mumewe ikimwamkia.

"Sikufika Kongo, mama Melania."

Rozalia akakaa juu ya tuta. Ganda kusema hakukumsumbua. Alilia kwa sababu miezi yote hiyo alikuwa amemtukana bure, tena mbele ya watoto.

Mwenyekiti wa kijiji, Oswald, hakuchelewesha jambo. Alikuwa mtu mwema, aliyehamishwa kama wengine na kuezua paa lake kwa mikono yake mwenyewe. Aliitisha kikao jioni ile ile na kutuma mtu amwite Bwana Nyama. Pastory akaja, bunduki begani, akasalimia wote, akaketi kwenye benchi. Ganda liliwekwa mezani juu ya kitambaa.

"Nilidhani ni nyani," Pastory akasema.

"Usiseme hivyo, Bwana Nyama," Selestini akajibu. "Ulinisalimu kwanza. Nikaitika."

Pastory alifikiri.

"Ni kweli," akasema. "Tulisalimiana."

"Na pembe?" Elieza akauliza.

"Mambo ya pembe hayahusu kijiji, Mzee."

Nje, upande wa shamba, watu walianza kupiga madebe. Tembo walikuwa wanashuka. Oswald alisikiliza madebe, akakuna kidevu.

"Ndugu zangu," akasema, "marehemu tumemsikia, na Bwana Nyama hakukana. Mimi sina shaka hata chembe. Lakini bunduki huku ni moja na anayejua kuipiga ni mmoja. Tukimpeleka huyu mjini kesho, keshokutwa hatuna shamba." Akamgeukia Rozalia. "Na wewe una watoto, mama."

Rozalia akakinyoosha kitambaa chini ya ganda.

"Marehemu unaonaje?" Oswald akaliuliza ganda.

"Mahindi yamefika wapi?"

"Yanatoa mbelewele."

Selestini alikuwa mkulima. "Hapo ndipo tembo huyapenda," akakiri.

Kikao kikakubaliana kwamba shauri lisubiri mavuno. Hakuna aliyesema mavuno yapi. Pastory akainuka kwenda shambani, lakini kwanza akanyoosha mkono juu ya meza.

"Hilo ganda linajazika bado?"

Elieza aliliinua, akaligeuza kwenye mwanga wa taa. Lilikuwa zima kabisa.

"Lina ufa juu ya mkanda," akasema. "Litakulipukia."

"Basi mpeni mjane," Pastory akasema. "Yale mengine niharakishie, Mzee Elieza."

Bangwe, Elieza aliketi kwenye meza yake ya kazi, dirisha wazi, jiko la mkaa limewekwa mbali uani. Aling'oa fataki zilizokwisha, akayapitisha maganda kwenye kalibu, akaweka fataki mpya. Alipofungua kopo la baruti Leonia aliingia, akasimama nyuma ya kiti.

"Zidisha," akasema.

"Nizidishe nini?"

"Baruti. Kwenye moja tu. Wewe unajua kiasi."

Elieza alijua. Risasi za bunduki ile hujazwa hadi ukomo wa nguvu zake, na kidogo tu juu ya hapo ingeweza kufunguka usoni mwa mpigaji. Alimimina baruti kwenye sahani ya mizani. Mshale ukapanda, ukafika kwenye alama, ukapita. Akautazama. Leonia naye akautazama.

Kisha Elieza akaigonga sahani kwa kidole, punje zikarudi koponi, mshale ukashuka.

"Mkono haukubali," akasema.

"Mkono wa nani?"

Leonia hakugombana. Alikunja khanga zake, akachukua ungo na sufuria yake ndogo, akateremka barabarani kungoja lori. Tangu siku hiyo aliishi kwa Rozalia. Elieza akamaliza risasi zote, kila moja kwa kipimo chake, kila kichwa cha risasi kimekaa wima. Zilikuwa risasi nzuri. Alizipeleka mwenyewe, akitumaini kumwona mkewe.

Jioni aliyofika, Pastory alimwangusha tembo dume ukingoni mwa shamba kwa risasi moja. Mahindi yakapona. Alfajiri kijiji kizima kilitoka na visu, na Oswald akasimamia mgawo ili kila nyumba ipate sawa. Pastory, mikono imelowa damu mpaka viwikoni, aliomba nyumba ya marehemu ikatiwe nyama ya paja, kipande kikubwa kuliko vya wengine. Hakuna aliyepinga. Yeye mwenyewe akamkabidhi Rozalia.

Rozalia alipokea kwa mikono miwili. Ganda lilikuwa shingoni mwake, kwenye uzi. Leonia akajitwika nyama, wakaenda nyumbani. Walimpita Elieza, Leonia akamsalimu kwa macho tu, kama anavyosalimiwa mgeni, na Elieza akawafuata nyuma kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Alisimama mlangoni. Ndani walikuwa wameshainjika chungu, watoto wamekaa kukizunguka.

"Hiyo nyama ya nini?" Selestini akauliza.

"Ya tembo," mkewe akamwambia.

"Nani kaileta?"

"Bwana Nyama."

Rozalia akachochea moto.

"Basi ichemsheni sana," ganda likasema. "Ya tembo huchelewa kuiva."