Doa Jeupe la Mtoto wa Nutmeg

Siku ya ukaguzi wa watoto wa farasi, ukungu uliishukia nyika ya Exmoor kama mgeni asiyebisha hodi. Thirza Westcott aliukodolea macho, akiuomba kwa heshima zote usigeuke mvua.

Alikuwa na sababu. Jana yake, farasi wa babu yake walipoteremshwa kutoka nyikani, alimkuta mtoto wa jike aitwaye Nutmeg ana doa jeupe kwenye paji la uso, dogo kama ukucha. Na farasi wa Exmoor haruhusiwi weupe: mwili wa hudhurungi, mdomo wa rangi ya uji wa shayiri, basi. Unywele mweupe ukionekana, mtoto hapigwi chapa, hahesabiwi wa ukoo, anauzwa. Nutmeg naye alikuwa ajuza, wa mwisho katika uzao wake, hangezaa tena. Thirza, ambaye shule ya bweni ilimfundisha angalau kung'arisha viatu, alichukua jikoni kopo la rangi ya viatu, nusu limeshachimbwa, akaenda kuokoa ukoo.

"Mbona unatetemeka?" Babu Garnet alimuuliza zizini.

"Baridi, Babu."

"Baridi gani, na masikio mekundu kama upanga wa jogoo?"

Bi Prowse, mkaguzi, aliwapitisha watoto waliotangulia bila neno. Akafika kwa mtoto wa Nutmeg. Akamtazama usoni. Akayatazama mawingu. Tone halikudondoka. Thirza alianza kumshukuru Mungu, mapema mno, maana Nutmeg alinyoosha shingo na, kwa mapenzi yote ya mama, akamlamba mwanawe paji la uso. Akarudia, pasije pakabaki uchafu.

Doa likatoka kuwaamkia wakubwa.

Nutmeg alijilamba midomo, ulimi umekuwa wa kahawia.

"Ni mimi," Thirza alisema. "Babu hajui lolote."

"Nimekusikia, binti." Bi Prowse alikuwa mpole, na upole wake ulitisha kuliko kofi. "Huyu hapiti. Lakini panya hakai ghalani peke yake. Nileteeni ndoo ya maji na kitambaa. Tunarudi kwa wa kwanza."

Thirza akashusha pumzi. Wale wengine hakuwagusa. Wangemsafishia babu jina. Akageuka amtulize mzee.

Babu Garnet alikuwa akiitazama ndoo kama mtu anayetazama kaburi lake likichimbwa, na taratibu, kidole kwa kidole, alikuwa akiuficha mfukoni mkono wenye madoa ya rangi ya viatu.