Kompyuta ya Pili

"Pastor, kwani na wewe unahama?"

Aliyeuliza alikuwa mama muuza sukuma wiki, kando ya barabara ya Kaptembwo, na hakuwa na nia mbaya. Mwaka ule wa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, mtu akionekana amebeba kitu kizito barabarani, swali lilikuwa hilo tu. Baba yangu, Mchungaji Sitati, alikuwa amebeba kompyuta yangu begani, bado yuko kwenye suti ya ibada, jasho likimtiririka shingoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na kibodi kwapani, waya zikiburuzika vumbini, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sihami, mathe," Baba alisema. "Narudisha."

Ngoja nieleze vizuri, maana watu wa kanisani kwetu huisimulia hadithi hii vibaya, kila mtu na chumvi yake.

Desemba iliyotangulia, kanisa lilijengewa kompyuta ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Aliyeijenga ni Akoth, mwenzangu wa kwaya, aliyekuwa fundi katika duka la Bwana Gurbachan huko mjini. Alitafuta vipuri kimoja kimoja akaviunganisha mwenyewe. Bwana Gurbachan naye, Kalasinga mpenda mzaha, akatupa zawadi ya diski ya Windows mpya, halali, ndani ya boksi lake. Alisema jambo moja tu: "Akoth, hii ni ya kompyuta moja. Wenye Windows wanajua kuhesabu." Diski yenyewe ilikuwa ya kupandisha toleo la zamani tu, kwa hivyo Akoth aliweka Windows ya zamani kwanza, kisha akaipandisha hadi ile mpya. Ilibaki kuisajili kwa wenyewe walioitengeneza, kwa njia ya simu, na kwa hilo ulipewa mwezi mmoja.

Kabla hajaisajili, Baba akamwita nyumbani. Kompyuta yangu, mtumba tulioachiwa na mjomba, ilikuwa ikigoma kama punda.

"Si uiweke na kwetu?" Baba akasema.

Akoth akasita, akamkumbusha maneno ya Bwana Gurbachan.

"Diski ni ya kanisa," Baba akacheka. "Na mchungaji ni wa nani?"

Haya, utamkatalia vipi pastor wako, tena sebuleni kwake, chai ya mkewe iko mkononi? Akoth akaiweka, akapiga simu palepale, ikakubali. Ya kanisa angeimalizia Jumapili ambayo ingefuata. Mimi nilifurahi, sitadanganya. Nilimkumbatia Baba.

Jumapili hiyo ikaja na mengine. Tulikuwa tumepiga kura, na yaliyofuata mnayajua wenyewe. Kanisa likalaza watu waliochomewa nyumba, na kompyuta ikakaa ofisini chini ya kitambaa cha meza.

Mambo yalipoanza kutulia, Baba akaanza mahubiri yake ya kurudisha. Pale mtaani watu wengi walikuwa wakilalia magodoro yasiyo yao, yaliyoporwa wakati wa vurugu. Hakuwatukana. Alisema tu: kama kitu si chako, kilete, kiache karibu na madhabahu, hakuna atakayekuuliza. Na watu wakaleta, ebo! Walikuja gizani, wasionekane. Asubuhi tunakuta godoro, jiko la gesi, viatu vya mtoto, na wenyewe wanakuja kuvitambua. Mzee Kahiga alipoiona cherehani ya marehemu mkewe aliiinamia akalia, na kanisa zima likalia naye. Siku hiyo nilijivunia baba yangu hadi kifua kikaniuma.

Ndipo ikafika Jumapili ya kuiweka kompyuta wakfu. Kwetu hakuna kitu kinachotumika kanisani kabla hakijaombewa, iwe gitaa, iwe sufuria. Bwana Gurbachan alialikwa, akaketi mbele na kilemba chake cha bluu. Akoth akawasha. Ukutani, mahali pa wimbo, yakatokea maandishi makubwa ya Kiingereza: muda umekwisha, Windows hii haijathibitishwa, huenda umeuziwa nakala bandia.

Watoto wa shule wakayasoma kwa sauti.

"Kumbe Kalasinga ametuletea feki!" mtu akasema kutoka nyuma. Bwana Gurbachan aligeuka, uso umemwiva.

"Si feki," Akoth akasema haraka. "Inataka kupigiwa simu tu."

Baba akataka kumwondolea mgeni wake aibu. Akamwambia Akoth apige hapohapo, kila mtu asikie, na yeye mwenyewe akaishika maikrofoni karibu na simu. Akoth akasoma zile tarakimu ndefu, fungu kwa fungu. Mashine ya kwenye simu ikazikataa. Kisha ikaja sauti ya mwanamke wa nchi ya mbali, mwenye Kiingereza cha upole.

"Diski hii umeiweka kwenye kompyuta ngapi?"

Kanisa lote lilisikia. Akoth alimtazama Baba. Baba alikuwa akiuchunguza waya wa maikrofoni, kana kwamba una kasoro.

"Mbili," Akoth akasema.

Yule mwanamke akaomba radhi, akasema basi haiwezekani, akakata simu.

"Hiyo ya pili umeuzia nani?" sauti ikatoka nyuma. "Fundi gani huyu, anaibia hata kanisa!"

Machozi yalimlengalenga Akoth, na bado hakumtaja mtu.

Nilijua nikinyamaza, Akoth ataitwa mwizi mtaani hadi achoke. Na nilijua nikisema, nani tena angeleta godoro kwa mahubiri ya baba yangu? Nilimngoja aseme yeye. Nilimngoja, jamani. Kisha nikasimama katikati ya kwaya.

"Ya pili iko kwetu," nikasema. "Ndiyo ninayotumia."

Baba akasema, "Tuombe," na watu wakafumba macho. Mimi sikufumba, na nilipomtazama, yeye pia hakuwa amefumba. Tulitazamana hivyo, mtu na bintiye, huku mdomo wake ukiomba. Aibu niliyoisikia sikujua ni yake au ni yangu. Bwana Gurbachan aliondoka bila kunywa chai.

Nyumbani Mama alinipakulia ugali bila kuniangalia usoni.

"Ungengoja tufike nyumbani," alisema. "Si ni baba yako?"

Hata leo, nikikumbuka maneno hayo, uso huniwaka. Baba hakugusa chakula. Aliinuka akaanza kuchomoa waya, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono isiyozoea.

"Baba, tungoje jioni basi," nikamwambia.

"Chukua kibodi," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyompita yule mama wa sukuma, na wanaume wa duka la kinyozi, na nusu ya washirika wetu waliokuwa wamekaa nje wakiota jua. Kila mtu alituona.

Kanisani tulimkuta Akoth peke yake, akikunja waya. Baba akapita katikati ya viti, akaitua kompyuta karibu na madhabahu, baina ya godoro na jiko la gesi. Akajipangusa uso.

"Akoth, nisamehe," akasema. "Ifute hii. Yote. Halafu upige tena."

Akoth akanitazama kuuliza kama nina vitu vyangu humo ndani. Nilikuwa navyo, picha na barua za miaka. Nikamwambia afute.

Alipomaliza akapiga. Tarakimu zilezile, fungu kwa fungu, kisha sauti ya mwanamke mwingine, na swali lilelile. Akoth alifungua mdomo kujibu, lakini Baba akanyoosha mkono, akaomba simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Zilikuwa mbili, madam," akasema. "Sasa ni moja."