Ndagala za Nyiransengimana

Mwaka wa 1956 maradhi ya ng'ombe yalipita milimani juu ya Fizi, na zizi la Gisaro likabaki na ng'ombe wawili. Maziwa machache yaliyopatikana yalikuwa ya watoto. Mke wake, Nyiransengimana, alikula viazi vitamu na kulima kama kawaida. Akakonda. Kisha akaacha kuona mwezi. Mama mkwe alifikiri ni mimba, akangoja, mimba isionekane.

Siku moja Nyiransengimana alishuka hadi mji wa Baraka, kando ya ziwa, kuuza maharagi. Sokoni kizunguzungu kikamshika, akaanguka karibu na meza ya Georgette, mwanamke wa Kibembe aliyeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Georgette akamkalisha kivulini.

"Mama, we iko na mimba?"

"Hapana. Tangu masika sioni mwezi."

"Unakulaka nini?"

"Viazi."

"Na nini tena?"

"Viazi."

Georgette akatazama kikapu chake. "Na haya maharagi?"

"Ni ya kuuza."

"Muwili iko na njaa, mama. Itatoa damu wapi?" Akamsogezea sahani ya ndagala na ugali.

Nyiransengimana akageuza uso. "Sisi watu wa ng'ombe hatukulake samaki. Mwenye kula samaki akikunywa maziwa, ng'ombe zinakauka."

"We unakunywaka maziwa?"

"Hapana. Ni ya batoto."

"Basi kula."

Alikula. Harufu ilimshinda, akatapika. Akanawa mdomo, akala tena. Jioni alipanda mlima na ndagala kwenye kitambaa, na nusu ya maharagi ambayo hakuyauza.

Hakuficha. Alimwambia mume wake: "Mi nakula samaki. Maziwa sitagusa." Kesho yake Gisaro alipanga mafiga matatu ya kupikia samaki nyuma ya nyumba, mbali na vyombo vya maziwa. Majirani walisema wanayoyasema watu. Baadhi ya wanawake waliacha kupokea maji mkononi mwake, na hilo lilimuuma kuliko njaa.

Maharagi mapya yalipokomaa, mwezi wake ulirudi. Mwaka uliofuata alizaa msichana.

Ng'ombe walipoongezeka, Gisaro alimletea maziwa. Aliyatamani, lakini akakataa. Kwenye mafiga ya nyuma moto ulikuwa unawaka, ndagala zikiiva.

"Na huyu mutoto," mama mkwe akauliza, "utamulisha nini, maziwa au samaki?"

"Kwanza anyonye," alijibu, akamgeuzia ziwa la pili.