Mlango wa Watoto, Mlango wa Wakubwa

Chiriku aliinuka tena kwenye benchi la hospitali, akalivuta gauni magotini, akaketi, akainuka. Gauni lilikuwa la mdogo wake. Lilianza kumbana huyo mdogo kifuani mara tu alipovunja ungo, likaletwa kwa dada mtu. Kwa Chiriku lilipwaya.

"Tulia, mwanangu," mama yake alisema.

"Nimechoka kutulia."

Alikuwa na miaka kumi na saba. Utotoni alitibiwa saratani ya ubongo katika hospitali hii hii, na wauguzi wakampa jina hilo la ndege kwa kuwa domo lake halikupumzika hata dripu ikiwa mkononi. Alipona. Hakuna aliyemwambia mama kwamba mionzi iliyoua uvimbe huweza pia kuzima sehemu ya ubongo inayouamrisha mwili ukue. Mama alisubiri matiti, akasubiri damu. Majirani nao walisubiri, kwa midomo yao.

Asubuhi kliniki ya watoto ilikuwa imewafukuza. "Umri umempita. Nendeni kwa wakubwa." Sasa daktari wa wakubwa alichungulia mlangoni, akakunja uso.

"Mama, mbona umeniletea mtoto?"

"Mimi si mtoto," Chiriku alisema. "Nataka dawa ya kunikuza."

Daktari alicheka, wala si kwa ubaya. "Hukupona wewe? Wenzako wangapi wako kaburini?" Akamgeukia mama. "Mrudishe kule kule."

"Kule wametufukuza, daktari."

"Basi mngekuja mapema."

"Tungejuaje, na hamkutuambia?"

Mlango ulifungwa.

Walikuwa bado ukumbini matroni alipowadaka, anahema. "Chiriku! Mungu kakuleta! Mkurugenzi ana wageni, njoo wakuone."

Mama aliona upenyo. "Tukimaliza utatusemea kwa daktari, matroni?"

"Tutaona, mama, tutaona."

Walimsimamisha kando ya bango refu kama mtu mzima. Kwenye bango alikuwa yeye mwenyewe, kipara, ana miaka minane, anacheka. Chini yake: HAPA TUNAPONYA.

Mpiga picha alilitazama bango, akamtazama msichana, akajipiga paja kwa furaha.

"Jamani, hajabadilika hata kidogo!"

Wageni wakapiga makofi. Mama naye, macho yakiwa kwa matroni, akapiga.

"Cheka basi, kama pale," mkurugenzi alimnong'oneza.

Miguu ya Chiriku ilianza kuondoka yenyewe. Mkono wa mkurugenzi, uliokuwa begani pake, ukakaza.